Baridi Ndani ya Gari la Kitasa

Kitasa alileta gari lake gereji asubuhi, vioo vyote vimefungwa, hita imewashwa mpaka mwisho, na yeye mwenyewe amejifunika blanketi magotini. Mkewe alikaa kiti cha pembeni amevaa soksi juu ya soksi. Fundi alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe juu ya betri mbovu, akafuta mikono kwa tambara, akaenda kuwafungulia.

"Fundi, gari linanipuliza," alisema Kitasa. "Hapa, na hapa, na hapa." Alionyesha matundu ya hewa kwenye dashibodi, moja moja, kwa kidole cha kushtaki.

"Umeyafunga?"

"Nimeyafunga. Nikaziba kwa gazeti. Nikaziba kwa soksi. Soksi ikanirudia usoni."

"Mwenzenu magoti yamekwisha," alisema mkewe. "Tukifika kwa watu nashuka kama kikongwe."

Lilikuwa gari la zamani, refu, rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo na usukani mkubwa mwembamba. Baba yake Kitasa alilinunua likiwa jipya, na Kitasa alilipenda kuliko alivyowahi kumpenda huyo baba. Hakumwachia dereva. Alilipangusa mwenyewe kila Jumapili kwa kitambaa cha miwani. Magari ya umri ule yalikuwa yamebaki machache mjini, na mafundi wa kuyaelewa walikuwa wachache zaidi, ndiyo maana alikuja hapa na si kwingine, ingawa alikuwa na sababu nzuri ya kuona haya. Lakini Kitasa hana haya, hajui vibaya.

Sababu yenyewe ni hii. Kitasa alikuwa mwenye nyumba. Nyuma ya soko alikuwa na safu mbili za vyumba vya kupanga vinavyotazamana, katikati ua na bomba moja la maji. Fundi na mama yake walikaa kimoja cha vyumba hivyo; mama aliingia humo akiwa na fundi huyuhuyu tumboni. Mwaka ule Kitasa alikitaka kiwanja ajenge jengo la vioo. Sheria ilikataza kumtoa mpangaji aliyelipa kodi yake, na wapangaji wote walikuwa wamelipa. Basi hakumtoa mtu. Alilisema hilo kila alipoulizwa, na lilikuwa kweli tupu. Alichofanya, msimu wa baridi ulipoanza, alituma vibarua wenye bisibisi, wakang'oa milango yote, wakaipakia kwenye lori. Inakwenda kupakwa rangi, walisema, itarudi. Haikurudi. Jirani mmoja alinunua mlango mpya, na huo nao ukaenda kupakwa rangi.

Mama yake fundi alikwenda ofisi ya mtaa.

"Amekutoa?" karani aliuliza.

"Hajanitoa."

"Vyombo vyako vimetupwa nje?"

"Havijatupwa."

"Sasa mama yangu, unashtaki nini?"

"Mlango."

Karani alikuwa ameufunga mlango wa ofisi yake kwa sababu ya upepo. Alimwambia mama kwamba mlango si nyumba, akamwita anayefuata.

Wapangaji walitundika walichokuwa nacho, shuka, magunia, maboksi yaliyokunjuliwa. Shuka huzuia macho ya watu, halizuii upepo. Mama alikuwa na kifua kibovu tangu ujana wake, na baridi ilipoanza kuingia bila kupiga hodi kifua kilianza kulia kama mlango wa zamani. Fundi alimtafutia chumba mtaa mwingine, chumba kizuri, chenye mlango na komeo. Mama alikataa. Alisema kodi amelipa, na akitoka kwa sababu ya upepo atakuwa amemzawadia Kitasa kiwanja. "Nitatoka nikirudishiwa mlango wangu, niufunge mwenyewe kwa mkono wangu," alisema. Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Basi fundi alilala kizingitini, amejinyoosha kwa ubavu, mgongo nje na uso ndani, ili upepo umkute yeye kwanza. Lakini mgongo wa mtu hauzibi mlango mzima, na juu yake upepo ulipita ukaingia.

Huyo ndiye mtu ambaye Kitasa alimletea magoti ya mkewe.

"Nitengenezee hili," Kitasa alisema akishuka, "na mlango wa mama utakuwa wa kwanza kurudi. Nakupa neno langu."

Fundi alimtazama. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Alichukua ufunguo wa gari.

Alianza pale ambapo fundi yeyote angeanzia. Gari la zamani likipuliza baridi, ugonjwa wake unajulikana. Nyuma ya dashibodi kuna vibati vidogo vinavyofunguka na kujifunga kwenye njia ya hewa, na kila kibati kimevalishwa sponji ukingoni ili kikae bila kuacha mwanya. Sponji huzeeka na kuwa unga. Fundi alifungua dashibodi akaukuta unga, akaupangusa, akakata sponji mpya, akaibandika kwa gundi na kuiacha ikauke. Akakaza kebo iliyokuwa imelegea. Akabadilisha mpira wa chini ya kioo cha mbele, pale hewa ya nje inapoingilia. Kazi safi, ungeweza kuipiga picha. Alirudisha kila kitu mahali pake, akapandisha vioo, akakaa kwenye kiti cha dereva injini ikiwa imezimwa.

Gari likampuliza.

Lilikuwa limesimama ndani ya gereji, mchana, hakuna jani linalotikisika huko nje. Tundu la karibu na usukani lilimpuliza usoni hewa ya baridi yenye harufu ya sabuni ya kufulia na dawa ya kuchua kifua. Fundi aliijua dawa ile kwa sababu ndiye aliyeinunua. Aliinamisha sikio. Ndani ya tundu mtu alikohoa, kikohozi kirefu kilichoanzia chini kabisa na kumalizikia kwenye "Ee Mola wangu."

"Mama?" fundi aliita.

"Naam," tundu liliitika. "Mbona unaniitia nje? Si uingie?"

"Niko kazini, mama."

"Haya. Ukirudi uje na kiberiti."

Fundi alishuka, akamalizia chai yake iliyokwisha kupoa. Kisha, kwa kuwa fundi mzuri hafanyi kazi kwa kubahatisha, aliwasha dawa ya mbu ile ya kuviringika, ambayo siku zote huitumia kutafutia mwanya wa hewa, akaishika karibu na tundu na kuupulizia moshi ndani. Moshi uliingia wote na haukutokea popote kwenye gari.

Jioni alimkuta mama amenuna.

"Nani mchana kweupe alikuwa anafukiza dawa ya mbu humu? Nimekohoa mpaka nimeona nyota."

"Ni mimi, mama. Nilikuwa natafuta upepo unakotoka."

"Si ungeniuliza? Unatoka mlangoni."

Majirani waliposikia hawakuuliza maswali mengi. Walitaka kujua tu nani amepata tundu gani. Kesho yake kila mmoja alisimama kwenye nafasi ya mlango wake akagonga sufuria kwa zamu, na fundi huko gereji akasikiliza kwa sikio moja na kutia alama kwa chaki. Tundu la kando ya usukani lilikuwa la mama. La katikati lilikuwa la mshona nguo, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa maneno mengi na sindano daima mdomoni. Yaliyobaki, mpaka yale ya miguuni, yaligawana vyumba vingine. Watu wa vyumba vya mwisho, waliopata matundu ya miguuni, walilalamika kidogo, wakaona wamedharauliwa.

Sponji ya dukani haikuweza kuzuia upepo ule. Kitu cha kuziba hukatwa kwa kipimo cha tundu lenyewe, na tundu lenyewe lilikuwa uani kwao. Fundi alikata kipande cha lile blanketi ambalo mama alilitundika mlangoni. Majirani nao walikata vipande vya shuka na magunia yao. Mshona nguo alipiga pindo kila kipande, huku akisema kwamba hajawahi kumshonea Kitasa kitu na asingependa kuanza, ila hiki atakishona kwa nyuzi mbili. Fundi alivibandika vipande kwenye vibati, kila kimoja mahali pake, akakaza, akafunga.

Gari lilinyamaza. Na kule uani upepo ulisimama kizingitini.

Milango bado haikuwapo. Ungeweza kuingia na kutoka kama ulivyotaka, na kuku waliingia na kutoka. Lakini upepo ulifika kwenye kizingiti ukakwama. Majani makavu na mifuko ya nailoni viliviringika mpaka pale, vikajipanga kwenye mstari. Mama aliketi mbele ya uwazi ule akichambua mchele, na hata mwali wa mshumaa haukuyumba. Usiku fundi alihamisha mkeka kutoka kizingitini. Kwa mara ya kwanza katika msimu ule mama alilala usiku mzima, na asubuhi alikuwa na sauti ya kugombana.

Kitasa alikuja kuchukua gari lake. Alikaa ndani, akafunga vioo, akasubiri. Akavua koti.

"Fundi, una mkono," alisema. "Una mkono wa ajabu."

"Na mlango, bwana?"

"Wiki hii."

Wiki ilikwisha, na nyingine ikakwisha. Fundi alipita penye jengo jingine la Kitasa lililokuwa linajengwa, akaiona milango yao yote. Ilikuwa imepangwa kwa ubavu na kupigiliwa misumari pamoja, na juu yake mafundi ujenzi walikuwa wanamwaga zege la ghorofa. Aliutambua wa mama kwa kiraka cha mfuniko wa kopo ambacho mama alikigongea chini, panya walipoutoboa. Zege lilikuwa linachuruzika juu ya kiraka. Msimamizi aliona anavyoitazama.

"Mbao nzuri hizi," alisema. "Siku hizi hupati tena."

Fundi alirudi nyumbani na hasira ambayo hakujua aitue wapi. Aliwaambia majirani kwamba milango isahaulike. Kisha akawaambia jambo la pili, akalirudia mara mbili: wakae kimya. Joto wanalo, Kitasa hajui, na heri asijue. Kila mtu alikubali. Mshona nguo alisema yeye ni kaburi.

Mama peke yake hakuahidi. Baadaye, wakiwa wawili, aliuliza, "Gari ni la nani?"

"La Kitasa."

"Na aliyelileta litengenezwe ni nani?"

"Mama, alilileta kwa ajili ya magoti ya mkewe!"

"Hata kama. Joto limepita kwenye mali ya mtu likanifikia mimi. Mtu akikutoa kwenye baridi unamshukuru. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyokulea, au nilijidanganya?"

"Huyo mtu ndiye aliyekutia kwenye baridi."

"Kwa hilo nitamdai mpaka kaburini. Kwa hili nitamshukuru. Usichanganye mambo mawili, baba."

"Mama, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Inuka, utachafua suruali."

Hapa ndipo panapouma, na hakuna namna ya kupasimulia pakaacha kuuma. Wangekuwa watu wasio na adabu wangepona. Fundi alipokwenda kazini, mama alivaa nguo yake ya kutokea, akamchukua mshona nguo, lile kaburi, amsindikize, akatia mayai kwenye bakuli na kulifunika kwa kitambaa safi, akaenda kwa Kitasa.

Walikaribishwa sebuleni. Kitasa alimwita mama, akamwondolea mto kitini ili akae vizuri.

"Tumekuja kushukuru, baba," alisema mama. "Tangu mwanangu alipotengeneza gari lako, sisi kule hatuna baridi."

"Hamna baridi," alisema Kitasa.

"Hata kidogo."

"Na milango bado haijarudi."

"Haijarudi. Hilo nalo nitakuja kulisema siku yake. Leo nimekuja kwa shukrani tu."

Kitasa alimuuliza habari za kifua. Alimuuliza vyumba vingine vinaendeleaje, na mshona nguo akamjibu chumba kwa chumba, maana kimya chake kilikuwa kimefika mwisho wa uwezo wake. Kisha Kitasa aliwasindikiza mpaka getini kwa heshima zote, akamrudishia mama bakuli lake likiwa limeoshwa. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda anakupiga palepale na unajua umepigwa.

Asubuhi yake gari lilikuwa gereji.

"Toa," alisema Kitasa.

"Nitoe nini, bwana?"

"Ulichoweka."

"Baridi itarudi humu ndani."

"Najua."

"Itakupiga wewe mwenyewe. Na mkeo, magoti yake."

"Nitavaa koti," alisema Kitasa. "Yeye atavaa mawili. Baridi haijawahi kumuua mtu mwenye koti."

Fundi alisema hatoi. Alilisema kwa sauti ya kawaida, na alikuwa ameshika spana kubwa. Tuseme ukweli, aliipima mkononi. Aliutazama upara wa Kitasa, akaipima tena. Kitasa hakumtazama hata. Alikuwa anapekua juu ya meza ya kazi. Alichukua koleo la mdomo mrefu, akaingia garini, akalichomeka kwenye tundu la kando ya usukani na kuvuta. Kipande cha blanketi kilitoka na pindo lake. Akavuta kingine. Mtu yule hakuwahi kushika kifaa cha ufundi maishani mwake, na hakukosea hata mara moja. Vipande alivitupa sakafuni, akamrudishia fundi koleo lake na kusema asante.

Gereji haikuwa ya fundi. Mwenye gereji alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, na Kitasa ndiye aliyempangisha kiwanja. Fundi aliweka spana chini. Mpaka leo wako wanaosema alifanya vema na wako wanaosema angempasua, na wote wana hoja.

Jioni ile upepo uliokuwa umesubiri kizingitini uliingia wote kwa pamoja, na majani yake na mifuko yake. Fundi alipigilia bati kwenye uwazi. Kesho yake vibarua walikuja kulichukua, likapakwe rangi. Alirudisha mkeka kizingitini.

Kitasa alizoea upesi. Alinunua koti refu la manyoya, kofia ya masikio na glavu. Alipita mjini vioo vimeganda ukungu kwa ndani na sharubu zimeota barafu, akifuta kioo kwa kiwiko ili aone njia. Wauza magazeti walivuta kola zao gari lilipowakaribia. "Kitasa anapita na baridi yake," walisema, wakaendelea kuuza. Watu waliomba asipaki karibu na bustani zao kwa sababu maua yalinyauka. Zaidi ya hapo hakuna aliyelisema sana jambo lile, na trafiki aliyemsimamisha mara moja aliangalia leseni tu, akamrudishia.

Isitoshe, Kitasa aligundua faida. Chumba kilipohamwa, tundu lake lilinyamaza. Palipokosa mtu wa kuhisi baridi, baridi haikuwa na kazi. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alivua glavu na kupitisha kiganja mbele ya matundu, moja baada ya jingine, akajua nani amekwenda. Yale ya miguuni yalinyamaza mapema. Kisha yakafuata mengine. Tundu la katikati lilinyamaza siku mshona nguo alipobeba cherehani kichwani na kuondoka kwa dada yake, akilia njia nzima na kujitukana mwenyewe kwa jina.

Likabaki la kando ya usukani.

Fundi alimsihi mama kila siku. Alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali, akamletea jamaa wamsihi. Mama alisikiliza, akakohoa, akasema, "Nirudishiwe mlango nitoke." Alikuwa amekonda. Alikaa na mablanketi mpaka shingoni, akiutazama ule uwazi, na alijua vizuri ni nani yuko upande wa pili. Alizungumza naye.

"Baba," alisema. "Kitasa, baba. Mlango wangu."

Sauti ilitoka kwenye tundu karibu kabisa na sikio la Kitasa. Alikuwa barabarani. Akaongeza sauti ya redio.

"Unanisikia, baba. Najua unanisikia."

Kitasa aliongeza tena. Redio ya gari lile ilikuwa ya zamani lakini ilikuwa na nguvu.

Mkewe hakuwa mtu mbaya, na pengine hilo ndilo linalotia hasira zaidi. Kikohozi kilimsumbua. "Huyo mama jamani," alisema, "mbona anateseka hivyo." Alifungua mkoba, akatoa pipi ya kikohozi, akaimenya, akaitumbukiza kwenye tundu. Ilitua mkekani karibu na mkono wa mama. Mama aliitazama, akaifuta kwa ncha ya blanketi, akasema, "Ahsante, mwanangu." Yule mke alifurahi. Tangu hapo kila alipopanda gari alitumbukiza moja. Alipokuwa na haraka hakuimenya.

Fundi alizikuta zimejaa kwenye bakuli la mayai, na baadhi zilikuwa bado na karatasi. Alitaka kuzitupa chooni. Mama alimwambia aache, chakula hakitupwi.

"Mama, kesho nakubeba. Utapiga kelele, utaniuma, utanilaani, lakini nakubeba."

"Kesho," alisema mama, "tutaona."

Asubuhi alimwachia chai kwenye chupa, akamfunika vizuri, akaziba uwazi kwa godoro lake mwenyewe, akaenda gereji kuomba ruhusa na kuazima mkokoteni. Mwenye gereji alimruhusu, ila kwanza amalizie breki za gari lililokuwa juu ya jeki. Fundi alikuwa chini ya gari hilo, mikono imejaa grisi, aliposikia gari refu linaingia na kuzimwa.

"Fundi," aliita Kitasa. "Toka kidogo."

Alitoka. Kitasa alikuwa ameketi nyuma ya usukani, kioo kimeteremshwa, amevaa shati la mikono mifupi. Koti la manyoya lilikuwa limekunjwa kiti cha nyuma na kofia juu yake. Vioo vilikuwa vikavu, vinang'aa.

"Limepona," alisema Kitasa. "Lenyewe. Nilikuwa hapo kwenye mzunguko, nasubiri magari yapite, likakata. Hewa imekata, na ile kelele imekata. Nimeona nije nikwambie, maana wewe ndiye umelihangaikia."

Fundi alilisogelea gari. Alipitisha mkono wake dirishani, mkono wenye grisi, akaufikisha mbele ya lile tundu la kando ya usukani. Kitasa alijivuta pembeni asije akachafuliwa shati. Fundi aliuacha mkono pale. Hewa haikuwa ya baridi wala ya joto. Aliinama, akaingiza kichwa chote, akaweka sikio.

"Mama," aliita.

Alisubiri. Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu asiyetaka kuamsha watu wengine. Kisha alitoa kichwa, akavua ovaroli palepale, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka gereji akiuacha mkokoteni.

Kitasa alimsubiri arudi. Wipa yake ya kushoto ilikuwa inakwaruza kioo, na mvua zilikuwa karibu. Baada ya muda alipiga honi.